Nyonga yangu, nyambizi za vita na mfupa usiopitisha sauti

Wale mlionitumia barua pepe kuuliza kama nimeacha kuandika, sijaacha. Nimekuwa nikitembea na magongo kwa wiki saba, na magongo na mkoba wa laptopu havipatani kabisa. Leo nalipa deni, na kwa kuwa muda huo wote nilikuwa nimelala nikisoma mambo ya ultrasaundi, mtanisamehe kwamba hakuna hata mstari mmoja wa kodi katika makala haya.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa kwenye mazoezi ya nusu marathoni. Alhamisi moja jioni, kilomita ya nane, nilisikia maumivu ya ghafla kwenye kinena cha kulia, kama mtu amenichoma na bisibisi. Nikachechemea hadi nyumbani. Kesho yake nikaenda hospitali. Eksirei ikatoka safi. Daktari, mama wa makamo mwenye subira nyingi, akavuta mashine ya ultrasaundi ya ukubwa wa laptopu, akanipaka ile jeli baridi, akaweka probu mbele ya nyonga na kuilaza kufuata shingo ya mfupa wa paja. Akapima kulia. Halafu akapima kushoto, ambako hakukuwa na maumivu yoyote, jambo lililonishangaza. Akaniambia, "Kijana wangu, hakuna maji ndani ya kiungo. Pumzika, usikimbie kabisa. Maumivu yakiendelea wiki hii, rudi tukupeleke MRI."

Mimi nilisikia sentensi ya kwanza tu. Ninyi mnaoandika programu mnajua tunavyofanya: jaribio likipita, taa ya kijani ikiwaka, tunapeleka kazi kwa mteja. Nikapumzika siku nne, maumivu yakapungua, nikarudi barabarani. Siku ya kumi na mbili nilishindwa kushuka kwenye matatu, makanga akanishika mkono kama mzee wa miaka 80. MRI ikaonyesha ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, upande wa chini. Nikaambiwa nina bahati. Ungekuwa upande wa juu, ambako uzito wa mwili huuvuta ufa ufunguke, pengine ningekuwa na skrubu za chuma ndani ya nyonga sasa hivi.

Kwa hiyo nikawa na swali moja. Mashine inayoweza kumwonyesha mama mtoto wake akinyonya kidole tumboni, inawezaje kupita juu ya ufa ulio kwenye mfupa mkubwa kuliko yote mwilini na isiuone? Swali hilo lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka 140.

Mwaka 1880, kule Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani, kwatzi ikiwemo, zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake: ukizipa umeme, hubadilika umbo. Ukizipa umeme unaobadilika haraka sana, hutetemeka na kutoa sauti ya juu mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Fuwele moja, basi, ni spika na maikrofoni kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na kazi kubwa ya kuipa.

Kazi ilikuja na vita. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Mfaransa Paul Langevin, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, akatengeneza kifaa cha fuwele za kwatzi na mabamba ya chuma kilichotuma sauti hiyo majini na kusikiliza mwangwi. Wale wa mitandao mnaijua amri ya ping: unatuma pakiti, unasubiri jibu, unapima muda. Ultrasaundi ni hivyo hivyo, ila pakiti ni mlio na njia ni maji. Wengine wakaona kwamba chuma nacho hupitisha sauti. Katika miaka ya 1940 Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa na mashine ya kutafuta nyufa zilizofichika ndani ya vyuma. Tafadhali ikumbukeni hiyo: mashine ya kutafuta nyufa. Ndiyo iliyozaa ya hospitali, nami nyonga yangu ilikuwa na ufa.

Sasa aingie mtu aliyenivutia kuliko wote, Karl Dussik, daktari wa mishipa ya fahamu wa Austria. Dussik alitaka kuona ndani ya ubongo bila kupasua fuvu. Akisaidiwa na ndugu yake Friederich, aliyekuwa mwanafizikia, aliweka chombo cha kutuma sauti upande mmoja wa kichwa na cha kuipokea upande wa pili, akapima ni kiasi gani kinachovuka, akachora ramani ya madoa meupe na meusi. Mwaka 1942 alichapisha kazi hiyo. Aliamini kwamba madoa yale yalikuwa vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, na kwamba vikisogea ungejua uvimbe uko wapi. Ni watu wachache waliokuwa wamewahi hata kufikiria kumwelekezea mgonjwa ultrasaundi ili kutambua ugonjwa.

Tatizo ni kwamba madoa hayakuwa ubongo. Mwaka 1952 Mjerumani aitwaye Güttner na wenzake walionyesha kwamba ramani ya namna ile hutokana kwa sehemu kubwa na fuvu lenyewe. Fuvu ni nene hapa na jembamba pale, nalo humeza na kurudisha sauti kwa viwango tofauti. Dussik alikuwa amepiga picha ya mfupa na kuisoma kama picha ya kilicho nyuma ya mfupa.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mimi nilikuwa nimefanya kosa lile lile, tena yeye alikuwa na udhuru, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwonya. Mimi nilikuwa na daktari aliyeniambia nirudi.

Fizikia yake si ngumu. Sauti inapotoka kwenye kitu kimoja kuingia kingine, sehemu yake hurudi kama vitu hivyo viwili havifanani kwa uzito na ugumu. Misuli, mafuta na damu vinafanana sana, kwa hiyo sauti nyingi hupita na mwangwi mdogo mdogo hurudi, nao ndio unaochora picha. Mfupa ni mgumu mno. Sauti ikiugonga, karibu asilimia 40 hurudi papo hapo, na ile inayoingia humezwa haraka. Kwenye skrini unaona mstari mweupe unaong'aa, na chini yake giza. Giza hilo ni kivuli cha sauti. (Hewa ni mbaya zaidi, hurudisha karibu yote, ndiyo maana ya ile jeli baridi: kuondoa hewa kati ya probu na ngozi.)

Hesabu nyingine muhimu ilitoka kwa George Ludwig, daktari wa jeshi la majini la Marekani, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1940 alipima kasi ya sauti katika nyama za mwili. Wastani uliotumika tangu hapo ni mita 1,540 kwa sekunde, na namba hiyo bado imo ndani ya programu za mashine za leo. Fanya hesabu mwenyewe: kiungo cha nyonga kikiwa sentimita 4 chini ya ngozi, mwangwi unarudi baada ya mikrosekunde 52 hivi. Kwa sauti ya megahezi 5, wimbi moja lina urefu wa milimita 0.3. Unaweza kupima milimita moja bila wasiwasi, ilimradi hakuna mfupa njiani.

Aliyeiokoa ultrasaundi na aibu ya fuvu alikuwa Ian Donald, profesa wa ukunga mjini Glasgow. Mwezi Julai 1955 alipakia vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa wake kwenye buti la gari, akavipeleka kwa Babcock & Wilcox huko Renfrew, watengenezaji wa matangi ya mvuke, waliokuwa na ile mashine ya kutafuta nyufa. Kiwanda kikatoa pande kubwa la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. (Hakuna aliyeandika kama nyama hiyo ililiwa baadaye.) Donald aliona kitu rahisi: uvimbe wenye maji na uvimbe wa nyama ngumu hutoa mwangwi tofauti kabisa. Maji hayana cha kurudisha sauti, kwa hiyo ni meusi na kingo zake ni kali. Kijana mmoja mhandisi wa Kelvin & Hughes, Tom Brown, akasikia habari za profesa huyo, akampigia simu mwenyewe, na wakajenga mashine pamoja na daktari John MacVicar. Makala yao yalitoka katika jarida la Lancet tarehe 7 Juni 1958. Mgonjwa mmoja alikuwa ameshaambiwa ana saratani isiyotibika. Mashine ikaonyesha mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari, ukatolewa, akapona.

Tumbo halina mfupa mbele. Hilo ndilo jambo ambalo watu husahau wanaposifu ultrasaundi ya mimba.

Na mwaka huo huo wa 1958, nani anarudi? Dussik. Safari hii, akiwa Marekani, yeye na wenzake hawakujaribu kuona chochote kupitia mfupa. Walipima jinsi kila kitu kilichoko kwenye kiungo kinavyomeza sauti, kimoja kimoja: ngozi, mafuta, misuli, kano, mfuko wa kiungo, gegedu, na mfupa, ambao ulimeza kuliko vyote. Ni kazi kavu, imejaa namba, na mara nyingi hutajwa kuwa taarifa ya kwanza ya ultrasaundi ya viungo. Sijui kama alikuwa na fuvu akilini alipoandika ile safu ya mfupa, lakini mimi nilikuwa nalo niliposoma.

Baada ya hapo viungo vilisubiri. Mwaka 1972 McDonald na Leopold walitumia ultrasaundi kutofautisha mfuko wa maji nyuma ya goti na damu iliyoganda kwenye mshipa, magonjwa mawili yanayovimbisha mguu kwa namna inayofanana. Tena, maji. Katika miaka hiyo ya 1970 mashine zilianza kuonyesha vivuli vingi vya kijivu badala ya nukta nyeusi na nyeupe tu, na picha zinazotembea papo hapo zikaenea badala ya zile za kuchorwa polepole kwa mkono wa chuma.

Nyonga iliingia kupitia watoto. Mwaka 1980 Reinhard Graf, daktari wa mifupa wa Austria (nchi ya Dussik, mnaona), alichapisha njia ya kupima nyonga za watoto wachanga ili kukamata mapema zile zisizokaa vizuri kwenye kikombe chake. Kwa mtoto mchanga kichwa cha mfupa wa paja bado ni gegedu, na gegedu hupitisha sauti. Dirisha liko wazi. Mtu mzima dirisha lake limeshafungwa, isipokuwa mahali pamoja: mbele, pale ambapo mfuko wa kiungo hushuka na kuifunika shingo ya mfupa wa paja. Kati ya mfupa na mfuko huo kuna nafasi nyembamba sana. Kiungo kikijaa maji, maji hukusanyika hapo na kuusukuma mfuko nje.

Mwaka 1984 Wilson na wenzake wa Uingereza walichapisha makala kuhusu ultrasaundi ya nyonga inayouma. Kisha J. M. Koski wa Finland, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, akaleta kipimo ambacho madaktari wanakijua mpaka leo: umbali kutoka mfupani hadi kwenye mfuko ukifika milimita 7, au upande mmoja ukizidi mwingine kwa milimita 1, shuku maji au uvimbe wa utando. Wengine hutumia mipaka tofauti kidogo. Nikaelewa kwa nini daktari alipima upande wangu mzima. Ule wa kushoto ulikuwa kipimo cha kulinganishia, pande la nyama ya ng'ombe la kwangu mwenyewe.

Mtauliza, ya nini haraka yote kwa milimita chache za maji? Kwa sababu kijana anayeamka ghafla na nyonga isiyotaka kukanyagwa, hasa akiwa na homa, anaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo. Bakteria wakiingia humo gegedu huanza kuharibika ndani ya siku chache, na gegedu haioti tena. Eksirei siku za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Zamani daktari alichokuwa nacho ni mikono yake na kubahatisha, kwa kuwa nyonga imefichwa chini ya misuli mingi na haivimbi ukaona kama goti. Ultrasaundi ilimpa jibu pale pale kitandani. Lakini haiwezi kusema maji hayo ni ya nini. Usaha, damu, ute wa kawaida uliozidi, vyote vinaweza kuonekana vyeusi au vya kijivu vinavyofanana. Lazima sindano iingie na kuyavuta yakapimwe maabara, na picha ile ile huongoza sindano isiguse mshipa mkubwa wa damu ulio karibu. Mwaka 1999 daktari wa dharura wa Marekani, Stephen Smith, alichapisha taarifa ya kufanya hivyo: daktari wa dharura kushika probu mwenyewe na kuvuta maji ya nyonga bila kumngoja mtaalamu wa picha.

Mwaka huo huo wa 1999 mashine za kubebwa mkononi za SonoSite ziliingia sokoni, zikitokana na mradi uliofadhiliwa na jeshi la Marekani kwa ajili ya uwanja wa vita. Kutoka nyambizi, zikarudi kwa wanajeshi, zikafika kwetu. Mwaka 2017 kampuni ya Butterfly ikatangaza probu inayochomekwa kwenye simu kwa bei ya chini ya dola 2,000, ikiwa na vihisi vidogo karibu 9,000 juu ya chipu moja badala ya fuwele. Hapo moyo wangu wa kompyuta ulidunda, nakiri: kazi ya fuwele za akina Curie imekabidhiwa silikoni. Mwaka 2022 mpango uliofadhiliwa na wakfu wa Gates, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kenyatta, ulianza kuwafikishia wahudumu wa afya 500 nchini Kenya vifaa hivyo pamoja na mafunzo, kwa ajili ya akina mama wajawazito.

Probu ile ile inaweza kutazama nyonga, ila anayeishika awe amefundishwa nyonga. Na hapa ndipo ninapoogopa kidogo, nikijitazama mimi. Kadiri kifaa kinavyokuwa rahisi, ndivyo neno "safi" linavyotamkwa haraka. Kwa kijana mwenye maumivu ya ghafla, probu mbele ya nyonga inaweza kukuambia kuna maji au hakuna, na kama anayeishika anajua, inaweza kukuonyesha kifuko kilichovimba kando ya msuli, msuli uliochanika, jipu, au ngiri kwenye kinena. Haikuambii habari za ndani ya mfupa. Mtu mwenye selimundu anaweza kuwa na kichwa cha paja kinachokufa kwa kukosa damu, na picha ikatoka nzuri tu. Ufa wa mkimbiaji mara nyingine huleta maji kidogo yanayoonekana, mara nyingine hauleti. Wangu haukuleta. Kwa hayo kuna MRI, ambayo kwa wengi wetu ni safari na foleni na pesa, na ndiyo maana tunatamani sana ile ya kwanza iwe imetosha.

Wiki iliyopita nilirudisha magongo. Nikamwomba daktari, kama hana haraka, aniwekee probu tena, nione tu. Akacheka, akasema, "Haya, mhandisi, lala." Nikauona ule mstari mweupe wa shingo ya mfupa, ukipanda polepole hadi kwenye duara la kichwa, na mfuko wa kiungo ukiwa umelala juu yake kama shuka. Milimita 5 kulia, milimita 5 kushoto. Chini ya mstari palikuwa na giza. Mara ya kwanza nililitazama giza hilo na kuona mfupa mzima. Safari hii nilimuuliza tarehe ya MRI ya marudio, akaniandikia kwenye karatasi, nami nimeibandika juu ya meza ninapoandikia hapa.